Wavue Masweta, Basi

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikiacha kichwa changu salama, ukaenda kumponza mtoto wa mwenzangu.

Nafundisha darasa la nne huku Masoko, na mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Madarasa yetu ni bati tupu, hayana dari, maana aliyeyajenga aliwaza mvua tu. Nani atamlaumu? Rungwe tunachokijua ni mvua, ukungu na tope. Mtoto akianza shule, mzazi hutafuta sweta kabla ya daftari. Asiye na sweta anarudishwa nyumbani, na sheria hiyo nimeisimamia kwa ukali miaka kumi na moja.

Oktoba hii mvua zikachelewa. Jua likawa kali kiasi kwamba ikifika saa nne asubuhi majani ya migomba yamejikunja. Chini ya lile bati watoto wawili walitokwa damu puani katika wiki moja. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ezron, ni mtu mpole asiyependa kuamua jambo peke yake. Akaita wazazi aulize: tufunge shule mpaka joto lipungue, au tuendelee?

Aliyesimama kwanza alikuwa Mama Lusungu. Nilishangaa, kwa sababu huyo mama ni wa kukaa nyuma. Anachuma chai kwa kibarua, anakusalimia huku amekunja magoti, na anaondoka bila kuomba kitu. Binti yake, Lusungu, yuko darasani kwangu.

"Walimu wetu, ndaga, asanteni kwa kutuita," alisema. "Mimi naomba watoto wakae nyumbani, hata wiki mbili tu. Jua hili siyo la kwetu."

Mimi nikapandwa na hasira. Mtihani wa taifa wa darasa la nne ulikuwa umebaki wiki mbili na nusu, na mwaka jana tulishika mkia kata nzima. Nilikuwa nimeapa aibu ile haitanipata tena.

"Mama Lusungu," nikasema, "kama joto lingekuwa linafunga shule, Kyela nzima wasingejua kusoma!"

Wazazi wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, napenda watu wakicheka nikisema. Nikaendelea. "Mkikaa nao nyumbani mtawatwisha ndizi kwenda sokoni, jua ni lilelile. Waje shule. Wavue masweta, basi."

Wakapiga makofi. Mimi niliyewarudisha watoto wangapi kwa kukosa sweta, siku hiyo nilijiona nimetoa sadaka.

Mama Lusungu alikuwa bado amesimama. "Na asiyeweza kuvua, mwalimu?"

"Asiyeweza kuvua sweta kwa joto hili ana malaria, mama. Mpeleke zahanati."

Wakacheka tena. Akakaa, akajifunika kitenge vizuri mabegani. Mwalimu Ezron akaandika kwenye muhtasari kwamba shule haitafungwa.

Kesho yake darasa zima lilivua, isipokuwa Lusungu. Alikaa wima kwenye dawati lake, kola nyeupe iliyopigwa pasi imetokeza juu ya sweta la bluu.

"Vua sweta, Lusungu."

"Niko sawa, mwalimu."

Nilirudia mara tatu, akajibu vilevile mara tatu. Nikajiambia huyu ametumwa na mama yake, ubishi wa kikao wameuhamishia darasani kwangu. "Kaa nalo," nikamwambia. "Tuone nani atachoka."

Siku ya tatu, saa saba mchana, nilimwita ubaoni afanye hesabu ya kugawanya. Aliandika namba mbili, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akaanguka. Nilipomgusa uso ulikuwa mkavu na wa moto. Nikambeba mpaka kwenye kivuli cha mparachichi nje, watoto wote nyuma yangu, nikashika pindo la sweta.

Rahima, anayekaa naye dawati moja, alinishika mkono. "Mwalimu, usimvue hapa! Naomba usimvue!"

"Niachie!" Nikavuta.

Hakuwa na shati. Alikuwa na kola, na kipande cha kitambaa cha upana wa kiganja kilichoshuka kifuani, kimefungwa kwa uzi kuzunguka mbavu. Mikono hakuna, mgongo hakuna. Mama yake alijua kwamba huku kwetu, kwa baridi yetu, hakuna anayeuliza chini ya sweta kuna nini. Miaka yote hiyo hata mimi sikuuliza.

Watoto wakasogea kuona. Kisha nyuma mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Nilikitambua kicheko hicho, kilikuwa cha kikaoni.

Nilimmwagia maji, Mwalimu Ezron akatupakia kwenye pikipiki yake mpaka kituo cha afya. Walimtundikia dripu. Mama yake alifika mbio kutoka shamba la chai, kapu bado liko mgongoni. Kabla hajauliza chochote alivua kitenge chake akamfunika mtoto, akamzungushia mpaka mgongoni.

"Nani amemvua?"

"Mimi, mama."

"Mbele ya wenzake?"

 Afadhali angenipiga.

"Nilikuuliza, mwalimu," alisema polepole. "Mbele ya watu wote nilikuuliza."

Jioni Lusungu alifumbua macho, akaomba maji. Mwalimu Ezron alikuwa ameshafunga shule, safari hii bila kikao. Nilinunua shati jipya nikalipeleka kwao. Mama Lusungu alilipokea kwa mikono miwili, akasema ndaga, wala hakunikaribisha ndani. Nilirudi nikilia njia nzima, mtu mzima.

Siku ya kumi tangu shule ifungwe mvua ikaja, na shule ikafunguliwa, mtihani umebaki siku tatu. Ukungu ulirudi, na baridi yetu ile ya kufanya vidole vishindwe kushika kalamu. Kila mtoto alikuwa ndani ya sweta.

Lusungu alifika wa mwisho, bila sweta. Shati jeupe nililompelekea lilikuwa limelowa na kugandana na ngozi. Hakwenda kukaa. Alipita katikati ya madawati polepole mpaka mbele, akachukua dasta, akaligeuzia darasa zima mgongo, akaanza kufuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu. Akafuta juu, akafuta chini, mpaka kila mtu akawa ameuona mgongo wa shati. Kisha akaenda kukaa karibu na Rahima, meno yakigongana.

Nikamwendea, nikainama. "Vaa sweta, mwanangu. Nakuomba."

"Niko sawa, mwalimu."