Bwawa Juu ya Chumba cha Mama

Mimi sina subira, na anayebisha amuulize fundi wa paa letu. Hata kabla hajakusanya vifaa vyake nilimwambia usoni kwamba chumba cha mama kikivuja tena, yeye ndiye atakayelala humo, na ndoo mapajani.

Nilikuwa na sababu. Paa letu ni bapa, zege tupu, na mvua ikinyesha maji yanakaa juu mpaka yapate njia ya kushukia kitandani kwa mama. Mwaka jana nilijifanya mjuaji, nikanunua rangi ya mpira nikaipaka mwenyewe juu ya vumbi na unyevu. Ikavimba, ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Mama akafunga virago, akahamia kwa kaka yangu. Nilimbembeleza wee mpaka nikachoka. Jibu lake moja tu, kwamba harudi kulala chini ya mwavuli. Nyumba ikapooza, na mimi upweke ukanitafuna.

Fundi huyu, ambaye wenzake humwita Jiko kwa kuwa haachani na mtungi wake wa gesi, hakutaka hata kusikia habari za rangi. Alisema si mbaya ikipakwa juu ya zege safi na kavu, ila letu lina nyufa, linataka nguo nzito. Akaleta mikeka ya lami, akawa anaichoma kwa moto upande wa chini huku akiikunjua, ukingo wa mmoja ukilalia mwenzake, na pembeni akaipandisha ukutani. Kisha akafanya jambo lililonipandisha presha: akaziba tundu la kutolea maji kwa matambara, akafungulia bomba mpaka paa zima likajaa maji ya kifundo cha mguu. Eti ndivyo wanavyopima. Yakae mpaka kesho, na chini pasipodondoka kitu, kazi imekwisha.

Kesho yake asubuhi mama akatokea na begi kubwa, akasema amekuja kuangalia tu. Akapanda juu, akayatazama yale maji, akashuka. Nikamsikia akihangaika bafuni, nikadhani anaoga, kisha akajifungia chumbani kwake. Mimi na Jiko tukabaki sebuleni, yeye anakunywa chai kwa raha zake, mimi yangu inapoa, macho darini.

Mara nikasikia to, to, to. Chumbani kwa mama.

Hata ndala sikuvaa. Nilimkamata Jiko ukosi, nikamwaga yote yaliyokuwa moyoni, ya kwake na ya ukoo wake, maskini ya Mungu, huku namburuta mpaka mlangoni. Nikausukuma.

Dari lilikuwa kavu. Chini yake, kutoka dirishani hadi kabatini, mama alikuwa amefunga kamba, na kwenye kamba nguo zake zote zinachuruzika: magauni, mashuka, mpaka sweta la baridi. Begi lilikuwa tupu sakafuni.

"Ningeanika wapi," aliuliza, "na huko juu mmejaza bwawa?"

Nikamwachia Jiko shati lake. Nikamuuliza mama, kwa sauti ambayo hata sikuijua kama ni yangu, si alisema amekuja kuangalia tu.

"Nimeshaangalia, mwanangu. Nisogezee hilo beseni, sakafu inalowa."

Nikalia palepale, nikacheka palepale, na beseni nikaliweka upande usiodondoka kitu.