Adabu ya Tindikali

Huko Unyenyeke, nchi yenye milima mitatu na vipaza sauti elfu tisa, kila kitu kimepangiwa mkubwa wake na mdogo wake: viti vifupi hukaa nyuma ya viti virefu, na mdogo ndiye humwendea mkubwa, si kumwamkia tu, bali hata kumwomba radhi kwa kosa alilotendewa na mkubwa huyohuyo. Juu ya wote amekaa Mtukufu Makuzo, aliyeichagua tindikali kuwa nembo ya taifa kwa sababu, alisema bila haya, inakula kila kitu na haiombi ruhusa. Maji yakawa ndiyo wananchi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa maabara katika shule kuu ya nchi hiyo, na ninayoyasimulia yananitia aibu hadi leo. Ubaoni palikuwa na kanuni ya miaka mingi: tindikali humiminwa ndani ya maji, taratibu, macho yakiwa ndani ya miwani ya kinga, kamwe maji yasimiminwe ndani ya tindikali, maana huchemka ghafla na kuruka. Mkaguzi kutoka Wizara ya Adabu akaisoma, akashtuka.

"Yaani mkubwa amfuate mdogo? Hebu geuza hiyo!"

Miwani nayo ikapigwa marufuku, kwani kujikinga mbele ya mkubwa ni kumshuku.

Nilijua. Wallahi nilijua. Nikachukua chaki, nikageuza maneno kwa mwandiko mzuri kabisa, maana nilikuwa natarajia kupandishwa cheo.

Wiki hiyohiyo Mwatime, binti mwerevu kuliko wote darasani, alimimina kama nilivyoandika. Tindikali ikamrukia usoni. Tulimwosha bombani mpaka mikono yetu ikafa ganzi, lakini jicho la kushoto halikupona. Hospitalini aliniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?"

"Ulimimina haraka mno," nikamjibu. Loo! Uso wangu niuweke wapi?

Mwaka uliofuata Mtukufu alikuja mwenyewe kuwaonyesha wageni adabu ya nchi yake. Aliiinamia bika ya tindikali, macho matupu, pua karibu iguse kioo. Mwatime ndiye aliyechaguliwa kumimina. Alikuwa amevaa miwani.

"Hiyo ya nini?" Mtukufu akafoka.

"Kuficha jicho langu bovu, Mtukufu, lisikuchukize."

Mtukufu akaridhika. Mwatime akashika jagi la maji. "Mtukufu, ipo namna ya usalama na namna ya adabu. Nimimine kwa ipi?"

"Swali gani hilo? Kwa adabu!"

Hapo binti akanigeukia mimi. "Mwalimu, ni sahihi?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Neno moja tu lingetosha, nami nililijua vizuri kuliko yeyote mle ndani. Nikafungua mdomo, nikaisikia sauti yangu, ileile laini ya siku zote, ikisema, "Mtukufu hakosei."

Mwatime akainamisha jagi.