Yangeyange Mmoja wa Uttorhati

Inatangazwa kwa viumbe wote wa haor ya Nolchapra, bonde la maji na mabwawa, wenye manyoya na wasio nayo, wenye magamba na wasio nayo, kwamba baada ya miaka mingi ya maradhi bonde lao tukufu limepona. Kwamba ndege wake wa majini wameongezeka maradufu. Na kwamba siku hii itakumbukwa na vizazi vyote vijavyo.

Tangazo hilo lilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa kamba juu ya boti ya mradi. Betri ilikuwa inakwisha, kwa hiyo vile vizazi vyote vijavyo vilisikika kama nyati anayejifungua. Waliolisikiliza walikuwa nyati wenyewe, wanne, na Asiron, ambaye alikuwa ameinama ukingoni akisugua sufuria kwa majivu, makalio yake yameelekea mradi. Hakugeuka. Minandi, wale ndege wapiga mbizi, walikuwepo pia, weusi tii juu ya miti ya mitomondo, lakini wao hawakuhitaji kutangaziwa. Wao ndio waliokuwa habari yenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Mradi ulipokuja kuwalinda ndege ulipiga marufuku uvuvi. Marufuku iliwahusu watu. Ndege waliendelea kuvua, kwa kuwa ndio waliokuwa wakilindwa. Torab Ali, mume wa Asiron, alikuwa mvuvi tangu hajajua kufunga shuka yake ya lungi mwenyewe, na nyavu zake zilipochomwa moto alikwenda kusimama kwenye maji ya magotini, kwa sababu hakujua pengine pa kusimama. Alisimama pale tangu alfajiri bila kazi yoyote. Ilipofika adhuhuri alikuwa mnandi. Akapiga mbizi, akaibuka na kambare mdomoni. Mlinzi aliyekuwa karibu alimtazama, akatema tambuu, akarudi kwenye simu yake. Hakuna sheria iliyokuwa imevunjwa.

Jioni Torab Ali alirudi nyumbani, akapanda juu ya paa la jiko na kutanua mbawa zikauke. Asiron alimuuliza kama samaki wote amewameza peke yake. Alikuwa amewameza wote. Waligombana kama siku nyingine, ingawa mmoja wao alikuwa akikoroma tu badala ya kujibu, na hilo nalo halikuwa jambo geni katika nyumba ile.

Baada ya hapo watu walifuata, familia kwa familia. Haikuhitaji dawa wala dua. Ilihitaji tu mtu aliyenyang'anywa kazi yake asimame majini bila kufanya lolote mpaka jua liwe utosini. Wanaume wengi waligeuka minandi. Wanawake waliozoea kuchimba mizizi ya yungiyungi waligeuka kukuziwa, ndege wa kutembea juu ya majani. Lebu Miah, mkopeshaji, aligeuka mwewe, na wateja wake walisema hawaoni tofauti. Gofur, mshona nyavu, alipenda makuu, akataka koti la rangi, akawa bata. Hilo lilikuwa kosa. Kabla baridi haijaisha mlinzi mmoja alimkamata na kumuuza mjini, na mkewe alipokwenda kulalamika mradi ulimweleza kwa upole kwamba Gofur ameingizwa kwenye upotevu unaokubalika.

Kati ya vilima vinne vya haor vilivyokuwa na vijiji, vitatu vikabaki bila watu. Walinzi walibomoa vibanda vilivyobaki vitupu, mitomondo ikajaa minandi, na mradi ukaandika kwamba kuwaondoa watu kumewarudisha ndege. Kilibaki kilima cha nne, Uttorhati, na juu yake nyumba moja inayotoa moshi, ya Asiron.

Binti yake, Rushna, alikuwa na kazi. Alikuwa mtajaji wa mradi. Kuhesabu ndege kuna utaratibu wake: mmoja anatazama na kutaja, mwingine anaandika. Anayeandika haruhusiwi kuandika kisichotajwa. Wanatajwa ndege, kisha unatajwa usumbufu, yaani mbwa, nyati, nyavu na watu. Mahali palipotajwa mtu, walinzi hufika wiki hiyohiyo na mashoka. Mahali pasipotajwa mtu hawana safari. Kwa baridi mbili mfululizo Rushna alipita mbele ya Uttorhati, akataja minandi, akataja nyati, wala hakumtaja mama yake. Daktari Shikder, mtaalamu wa ndege wa mradi, aliyekuwa akiandika, hakuinua kichwa.

Mwaka huu Daktari Shikder alikuwa amejinunulia darubini.

"Ma, kesho tu," Rushna alisema, akiwa amechuchumaa mbele ya jiko na sahani ya wali wa jana na pilipili mbichi. "Uwe yangeyange. Mpaka saa saba. Tukishapita, basi."

"Basi nini? Baba yako naye alikwenda mara moja tu. Umemwona akirudi?"

"Baba hataki kurudi. Wewe utataka."

"Mimi sina mpango wa kulala nimesimama kwa mguu mmoja." Asiron aliupuliza moto. "Shangazi yako Majeda amekuwa kukuziwa. Umeuona mwendo wake? Hata alipokuwa mtu alikuwa hajui kutembea, sasa ndiyo amechaguliwa kutembea juu ya majani. Aibu tupu."

"Wakikuona watakuja na mashoka, Ma."

"Waje. Nitawapa kuni wachanje."

"Sifanyi mzaha."

"Najua hufanyi mzaha, umekunja uso kama bibi yako." Asiron alimtazama mnandi aliyekuwa juu yao akijipekua chini ya bawa. "Jiko hili likizimika, yule mpumbavu atalijuaje paa lake? Mapaa yote yanafanana kutoka juu."

Rushna aliendelea kula. Sahani ilipokwisha mama yake aliichukua, akaiosha, akaichungulia kwenye mwanga, akaiosha tena.

"Kusimama tu?" Asiron akauliza.

"Kusimama tu. Bila kushika kitu."

"Bila kushika kitu," mama yake alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa anywe mafuta ya taa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Inus Miah aliusukuma mtumbwi kwa upondo, Rushna akakaa mbele na darubini ya mradi, Daktari Shikder katikati na darubini yake mwenyewe shingoni, kalamu sikioni na shali ya sufu iliyomfunika mpaka kidevuni. Alikuwa mtu mpole. Alikuwa amewaletea wote mayai ya kuchemsha.

"Bata wa mkia mrefu, ishirini na wawili," Rushna alitaja walipofika bwawa la kwanza. "Bata wa kichwa chekundu, tisa. Membe, watano."

Kisha akashusha darubini. Daktari alingoja na kalamu yake.

"Na wale?" Aliuonyesha mtomondo ulioinama kwa uzito wa minandi.

"Wale ni kijiji cha Dokkhinhati, Bwana Daktari."

"Kijiji?"

"Yule wa juu kabisa ni mwalimu wa shule. Yule anayemdonoa mwenzake ni Hajera, na anayedonolewa ni mkwewe."

"Na mkwe anastahili," alisema Inus Miah. "Aliuza vikuku vya harusi."

Daktari aliinua darubini yake, akatazama kwa muda wa kutosha. Hakubisha. Alikwishaona kwamba minandi wa Nolchapra hukaa kwa koo, na kwamba Ijumaa mchana hunyamaza wote kwa pamoja, na alikuwa ameandika makala kuhusu jambo hilo.

"Wana manyoya?"

"Wanayo, Bwana."

"Wanapiga mbizi? Wanavua kwa midomo?"

"Ndiyo."

"Basi nitajie, binti. Kazi yetu si kuuliza mtu ametoka wapi."

"Lakini ndege wenyewe wamepungua," Rushna alisema. "Wale bata wa kaskazini zamani walikuwa wanafunika maji yasionekane. Leo umewaona, ni hao wachache. Tukiwaweka pembeni watu wetu, haor haina ndege. Andika hivyo, Bwana. Andika kwamba haijapona."

Daktari alimenya yai. Alimweleza taratibu, kama mtu anayependa kufundisha. "Sikiliza. Ndege wakipungua, maana yake watu wanawasumbua, kwa hiyo tutawaondoa waliobaki. Wakiongezeka, maana yake kuwaondoa watu kumefaa, kwa hiyo tutawaondoa waliobaki. Kwa vyovyote vile hesabu yako ina manufaa. Huo ndio uzuri wa kipimo kizuri."

"Na wakibaki vilevile, Daktari?" Inus Miah aliuliza.

"Hapo tutaomba fedha zaidi."

Inus Miah aliinamisha kichwa kwa heshima na kusukuma upondo. Rushna alitaja minandi mia moja na arobaini, na kila alipomfikia mtu anayemjua midomo yake ilimtamka kwanza kwa jina bila sauti. Mwalimu wa shule alijinyosha, akajisaidia majini, akaendelea kukaa.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia na ukungu umeanza kunyanyuka walipofika mbele ya Uttorhati.

Asiron alikuwa amesimama majini tangu alfajiri. Alijitahidi kwa kweli. Manyoya meupe yalikuwa yamemfikia kwenye viwiko, shingo ilikuwa imeanza kurefuka, na mguu wa kulia ulikuwa umekunjwa ndani ya sari yake nyeupe ya zamani. Alikuwa amefumba macho ili asione kitu chochote kinachohitaji kufanyiwa kazi. Kutoka mbali, kwa jicho lenye mapenzi mema, alifanana na yangeyange kuliko kitu kingine chochote.

"Mnandi, mmoja, juu ya paa," Rushna alitaja. "Nyati, wanne. Yangeyange, mmoja."

Daktari aliandika. Yangeyange mmoja, Uttorhati. Hata akaupuliza wino ukauke.

Lakini sufuria ya wali, ambayo Asiron alikuwa ameiloweka na kujikataza kuikumbuka, ilikuwa imeng'oka ukingoni. Ilielea polepole mpaka ikamgonga kwenye goti. Alifumbua jicho moja. Ubavuni mwa sufuria palikuwa na ukoko. Aliutazama ukoko, akatazama pembeni, akautazama tena. Kisha akateremsha mguu wake wa kulia, akainama, na manyoya ya viwiko yakaanza kudondoka majini moja baada ya jingine.

"Rushna," Daktari alisema, darubini ikiwa jichoni, "yangeyange wako anasugua sufuria."

"Huwa wanafanya hivyo, Bwana."

"Kwa majivu?"

Inus Miah aliona upondo wake unahitaji kukaguliwa. Rushna alitazama maji, akatazama mikono yake.

"Ni mama yangu," akasema. "Na mwaka jana alikuwepo. Na mwaka juzi. Nilimficha. Lakini amekaribia, Bwana Daktari, mwenyewe umeona. Mpe nusu saa tu, nitamwondolea ile sufuria."

Daktari Shikder alilifikiria ombi lile kwa haki. Alitazama ukurasa wake kuona kama kuna nafasi ya aliyekaribia. Haikuwepo. Alikata mstari juu ya yangeyange, kwa unadhifu, kwa kutumia ukingo wa kisanduku cha mayai.

"Nitajie," akasema.

Rushna hakufungua mdomo. Kisichotajwa hakiandikwi. Mtumbwi ulizunguka kidogo wenyewe, na kwa muda ule nyumba ya Uttorhati ilikuwa bado ya mama yake.

"Ukinyamaza," Daktari alisema bila hasira, "nitamtaja mimi, na wewe utaandika. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu."

Rushna aliuona akilini mkono wake ukiandika hilo. Akachagua mdomo.

"Mtu," akasema. "Mmoja."

"Usumbufu wa aina gani?"

"Anaishi."

Daktari aliandika.

Asiron alikuwa amesikia sauti zao. Alinyoosha mgongo, akaukinga uso kwa sufuria iliyokwisha kutakata, akapaza sauti: "Rushna! Walete wageni wako, maji yamechemka! Au mmeshiba mayai?"

Wakaenda. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Asiron aliwaandalia chai ya tangawizi na bisi za mchele, akiyaficha ndani ya upindo wa sari manyoya matatu yaliyokuwa yamegoma kutoka mkononi. Daktari aliisifu tangawizi na kuomba kikombe cha pili. Alisema ni vigumu sana siku hizi kupata chai ya namna hii. Alimuuliza afya, akamuuliza kama paa linavuja, akasikitika aliposikia linavuja. Kisha akashukuru kwa mikono miwili na kutangulia mtumbwini na Inus Miah.

Asiron alikusanya vikombe. "Nimeonekana?"

"Umeonekana vizuri, Ma."

"Kama nini?"

"Yangeyange."

Mama yake alikigeuza kikombe cha Daktari, akatikisa majani ya chai yaliyobaki chini. "Mwanangu, yule bwana ameniuliza habari za paa langu. Unadhani huwa anawauliza yangeyange?"

Rushna alishika nguzo ya jiko. "Nimekutaja mtu, Ma. Yeye asingeweza kuandika bila kutajiwa. Nimekutaja mimi."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Hm." Asiron alipanga vikombe kimoja ndani ya kingine. "Wanakuja lini?"

"Alhamisi."

"Waambie waje baada ya adhuhuri," alisema mama yake, akishuka tena kuelekea majini. "Asubuhi nina nguo za kufua."