Maji Aliyoyachota Nzai

Mwalimu mkuu Chirau alikuwa na neno lake kuhusu watoto wa madarasa ya kati. Alisema kamba ya kisima haikatiki juu wala chini. Hukatika pale ilipoungwa. Na shule yake ya Mwamkuyu, nyuma ya Mwabungo, ilikuwa shule ya kuungwa: madarasa saba ya msingi yaliyojengwa kabla ya uhuru, na ubavuni mwake vyumba viwili vya makuti walivyoviinua wazazi kwa harambee, wakaviita sekondari kwa sauti kubwa. Hapo palipoungwa ndipo watoto walipodondokea. Wavulana waliomaliza darasa la saba walikwenda kufagia vyumba katika hoteli zilizoanza kuota Diani. Wasichana walikwenda kwa waume. Serikali ilisema elimu, machifu walisema elimu, na vile vyumba vya makuti vilibaki na madawati matupu.

Ndipo Chirau alipoanzisha ulezi. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili alikabidhiwa mtoto mmoja wa darasa la saba, amsomeshe jioni, amuulize kama amekula, na akikosa kuonekana shuleni amfuate kwao. Hilo la mwisho alilikazia zaidi. Mtoto asiyefuatwa, alisema, anajua kuwa hatakiwi.

Kidato cha pili hakikuwa na msichana hata mmoja. Kwa hiyo Mishi binti Alfani, aliyewashinda wote darasa la saba kwa hesabu, alikabidhiwa kwa mvulana, naye ni Nzai. Chirau hakuficha matumaini yake. Alisema mbele ya shule nzima kwamba Mishi akipita mtihani ataingia kidato cha kwanza, awe msichana wa kwanza kuvuka, na kuanzia hapo wasichana watakuwa na mlezi msichana mwenzao.

Nzai alikuwa Mduruma wa bara kavu, huko ambako mtu husafiri na ndoo tangu alfajiri. Alikaa shuleni, katika ghala la majembe, akajipikia mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwenye kiburi, na hakupenda kushindwa hata na mvua. Kwao, anayekuchotea maji amekuokoa, basi. Hakuna anayeuliza zaidi ya hapo.

Mishi alipokosa shule, Nzai alimfuata alasiri, akapiga hodi akiwa nje ya ua. Mishi alitoka na mchi mkononi. Akaeleza kuwa mama yake amejifungua na yumo ndani ya arobaini, baba yake yuko Kombani kwenye biashara ya nazi, na kazi zote za nyumba ni zake mpaka shangazi yake afike kutoka Tiwi.

"Mtihani haungoji shangazi," Nzai alisema.

"Basi mwambie mtihani uje unichotee maji."

Alisema kwa mzaha, lakini Nzai hakuwa mtu wa kuachiwa mzaha ukapita. Mzega wa Alfani, mti wa kubebea maji begani, ulikuwa umeegemezwa ukutani, na madebe yake mawili chini. Akauweka begani akaenda kisimani. Aliporudi alimkuta Mishi ameketi barazani akifanya hesabu za mafungu kwa mkaa juu ya kipande cha ubao. Alimimina maji mtungini, akatazama ubao, akamwonyesha kosa moja, akaenda tena. Kutoka ndani mama aliuliza ni nani. Mishi akajibu ni mtu wa shule. Mama akamwombea dua, Mungu amzidishie.

Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Kisimani wanawake walimzoea. Bi Mapenzi, jirani wa Alfani, mwanamke mwenye ulimi ambao hata imamu aliuogopa, ndiye aliyeanza.

"Taratibu, mkwe. Usimwage, mama mkwe hajatoka arobaini."

Wakacheka. Nzai naye akacheka, akampa shikamoo yake, akainua mzega akaondoka. Alidhani ni maneno ya kisimani, ya kupunguza uzito wa ndoo. Hakujua kwamba pale pwani mwanamume anayemtilia maji mtungini mtu asiye wake, bila ujira, amekwisha kusema jambo. Na Nzai hakulikana jambo hilo.

Shangazi akaja. Mishi akarudi shuleni, akaketi penye nafasi yake, na hesabu zake hazikuwa na pengo. Chirau alimsifu Nzai kwa kumshika mkono mbele ya walimu. Ulezi ulikuwa umefanya kazi yake.

Lakini maneno ya kisimani yalikuwa yamepanda gari la Kombani pamoja na magunia ya nazi. Mnunuzi mmoja alimpiga Alfani begani sokoni, akamwambia amepata mkwe wa bara kimyakimya, hata kula wali wa harusi hakuwaita. Watu wa pale walicheka. Alfani alicheka nao, akamaliza kuuza nazi zake, akarudi nyumbani.

Hakumpiga mtu. Huyu ndiye baba aliyempeleka Mishi shule kwa mkono wake, akagombana na ndugu zake wa kiume waliosema msichana anatosha kwa chuo cha Kurani. Alimuuliza mkewe jambo moja tu: kama ni kweli kuna kijana aliyetumia mzega wake. Mkewe akajibu ni kweli, na maji yale ndiyo yaliyomkosha mtoto mchanga. Kisha Alfani akamtumia salamu shemeji yake, Abdurahman wa Vanga, mjomba wa Mishi, mwenye sauti katika mambo ya mtoto wa dada yake. Abdurahman alifika na jina la mume tayari mdomoni: muuza papa mkavu, mgane, mcha Mungu, mwenye nyumba ya bati.

Mishi hakuonekana tena darasani.

Chirau alipopata habari alivaa kanzu, akamchukua Nzai kwenda kwa Alfani. Njiani alimwonya. Nzai asalimie, aketi, anyamaze. Akiulizwa, mwalimu atamjibia. Nzai alikubali, lakini uso wake ulikuwa umejaa. Tangu jambo lile lienee, wavulana wa kidato cha kwanza walikuwa wakimwita mkwe kila alipopita uwanjani.

Waliketi barazani na Alfani na shemeji yake. Upande wa pili wa ua Bi Mapenzi na wenzake walikuwa wakipepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Chirau alizungumza kwa adabu, kwa muda mrefu. Alieleza ulezi, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyemtuma kijana, akaomba lawama imshukie yeye.

"Mwalimu," alisema Alfani, "mimi nilikupa mtoto asome. Msaada wako umeingia kwangu na mzega begani, mimi sipo, na mke wangu hawezi kutoka nje kusema karibu wala toka."

Chirau akakiri kosa. Aliomba jambo moja: mtoto aufanye mtihani kwanza, mengine yafuate baadaye. Alfani akauliza mtihani ni lini. Akaambiwa mwezi ujao. Akamtazama shemeji yake, akatazama chini, kisha akasema kwamba mwezi mmoja si mwingi, muuza papa anaweza kungoja. Chirau akavuta pumzi. Kutoka jikoni, mlio wa mchi ulikuwa umekoma.

"Ila niambieni," Alfani alisema, "huyu kijana alikuja hapa kwa nia gani? Nataka nisikie, ili nikiulizwa sokoni nijue la kujibu."

Chirau akafungua kinywa. Nzai akasimama.

"Mimi sikuja kutafuta mke hapa," alisema. "Binti yako sina haja naye. Nilimhurumia, nikamchotea maji kama ambavyo ningemchotea mtu yeyote."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesafisha jina lake, na kila neno lilikuwa la kweli. Nyungo za upande wa pili zikatulia.

Abdurahman alikuwa wa kwanza kuzungumza, kwa upole kabisa. "Umesikia, shemeji. Ameingia, ametoka, na sasa hamtaki. Mbele ya majirani."

Chirau alimvuta Nzai kwa shati akaketi. Aliomba radhi, akasema kijana hajui desturi, akasema ni ujana, akasema tena mwezi mmoja tu. Lakini Alfani alikuwa amekwisha kusimama. Mtu anayeposwa, jina lake hupona kwa harusi. Aliyekataliwa hadharani haponi kwa kungoja. Akasema nikaha na muuza papa itakuwa Ijumaa, na mwalimu anakaribishwa kula.

Walipokuwa wakivaa viatu, Mishi alitoka mlangoni pa jikoni. Hakumtazama Nzai.

"Mwalimu, ile namba yangu ya mtihani atapewa nani?"

"Haipewi mtu, mwanangu. Nafasi itabaki wazi."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelezwa hesabu akaielewa, akarudi ndani.

Njiani Nzai alijaribu kusema kwamba alisema kweli. Chirau alitembea mbele, na kanzu yake ilishika miiba mara mbili, asijali kuitoa.

Wiki iliyofuata, Mishi alipokuwa amekwisha kupelekwa Vanga, Chirau aliingia darasa la saba. Hakuwa mtu wa kuacha jambo. Alisema ulezi utaendelea, ila mlezi hatamfuata msichana nyumbani bila kuandamana na mpishi wa shule, mama mtu mzima mwenye wajukuu. Darasa lilikuwa limebakiwa na msichana mmoja, Mbeyu. Akamwambia kwamba yeye atapata mlezi mpya, mtaratibu kuliko wote.

Mbeyu akasimama.

"Mwalimu, naomba nisipewe mtu."

Chirau akamuuliza sababu, ingawa aliijua.

"Baba amesema siku atakapouona mguu wa mtu wa shule uani kwetu, ndiyo mwisho wangu wa kusoma. Hata nikikosa, mwalimu, nisifuatwe."

Chirau akamwambia aketi. Akaandika hesabu ubaoni, chaki ikamkatikia, akaendelea na kipande. Nzai, katika chumba cha makuti, alikuwa amesikia kila neno kupitia ukuta wa makuti. Jioni ile walezi wengine walivuka uwanja kwenda kusomesha. Yeye alibaki amekaa, na Mbeyu alifunga vitabu vyake kwa leso akaenda zake nyumbani, peke yake, kabla watu hawajaanza kutoka msikitini.