Neno kwenye Ripoti ya Laurence

Mwalimu Silvester alikuwa na shamba la tumbaku Magamba, na sisi wa kidato cha pili ndio tuliokuwa vibarua wake wa bure. Kila Jumamosi tulikwenda kupalilia, na hakuna aliyethubutu kunung'unika. Mwaka tisini na tano Laurence, binti wa wakimbizi wa Kirundi kutoka makazi ya Katumba, alimwambia kwa adabu kwamba yeye asingeweza kwenda. Kibali chake cha kutoka makazini kilimruhusu kukaa shuleni tu, hapa Mpanda mjini. Akikamatwa Magamba, masomo yangeishia hapo. Mwalimu alimjibu kwa upole. Mimi nilimjua mtu yule, nikaingiwa na hofu.

Wiki ya kufunga shule aliandika ubaoni neno moja, ungrateful, akampa Laurence chaki.

Laurence alilikata bila kusita: un, grate, ful. Akaweka alama ya mkazo juu ya silabi ya katikati. Akaeleza kwamba un inakanusha, na ful ndiyo inayolifanya neno kuwa kivumishi.

"Maana yake?"

"Asiye na shukrani, mwalimu."

"Rudia. Nataka mkazo usikike."

Alirudia mara ishirini, na sisi tuliamriwa kupiga meza kila alipofika silabi ya pili. Tulipiga kwa raha. Mimi Zablon, kiranja, nilipiga kuliko wote, kwa kuwa hasira ile ya mwalimu haikuwa juu yangu na mimi nilikuwa salama.

Baadaye mwalimu akaniita ofisini nimjazie ripoti, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Kwa wanafunzi wa Katumba, ofisi ya makazi ilisoma sehemu ya tabia kabla ya kutoa kibali kipya. Akanitajia neno lile lile. Nililiandika kwa herufi za kupendeza, nikapuliza wino ukauke. Ningeweza kusema kitu. Nikamrudishia ripoti aisaini, na kwa hilo najichukia.

Januari, akiwa amenyimwa kibali kipya, Laurence alikuja na baba yake, mzee Méthode, kwa ruhusa ya siku moja ya kuchukua sanduku lake bwenini. Mzee hakujua Kiingereza. Alikuwa ameambiwa tu kwamba binti yake hana shukrani, na aibu ilikuwa imemmaliza. Hata bwenini hakwenda. Aliazima majembe mawili, akampeleka binti yake Magamba ambako ruhusa ile haikufika, wakapalilia tumbaku ya mwalimu tangu asubuhi bila kula.

Alasiri walisimama mlangoni kwa mwalimu, matope hadi magotini. Nilikuwepo, nikimpelekea maji ya kuoga. Mzee akamsukuma binti yake begani.

"Mshukuru, mwana wanje, mwanangu. Mwambie kwa Kiingereza."

Laurence akashukuru. Mwalimu akamsahihisha matamshi. Kisha akamweleza mzee kwamba ripoti ikishapigwa muhuri haibadilishwi, akasifu palizi ilivyokuwa safi, na kuwahimiza watembee haraka, maana ruhusa yao ilikuwa inaisha saa kumi na mbili.