Printa Kubwa na Chumba cha Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alikuwa ameketi kitandani akijipaka poda wakati mkamwana wake alipoingia bila hodi, futi kamba mkononi. Hakusalimia. Alipima ukuta wa dirishani, akapima kutoka mlangoni hadi kabatini, kisha akapiga magoti na kuipitisha futi chini ya kitanda.

"Inua miguu kidogo, Mama."

Akainua. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliinua miguu kama mtoto anayefagiliwa, na ulimi wake ukaja kumrudia wakati yule binti keshatoka zamani.

Mwanawe aliporudi kazini alimkuta mama yake amemsubiri mlangoni.

"Mkeo anapima chumba changu cha nini?"

Mwanawe akajikuna shingo. Alikuwa mwanamume wa kujikuna shingo; mkewe akisema neno anajikuna, mama yake akisema neno anajikuna, na hivyo ndivyo alivyoishi na wote wawili bila kumkosea yeyote na bila kumfaa yeyote.

"Si kitu, Mama. Tunanunua printa. Ya leza, ya rangi, ili kazi zote amalizie hapa hapa nyumbani. Sasa kuna mbili tunazipigia hesabu. Ndogo inakaa pale kwenye kona ya sebule, haina maneno. Kubwa..."

"Kubwa?"

"Kubwa inataka chumba chake."

"Na mimi mnanipeleka wapi?"

"Kuna ile stoo, Mama. Tungeisafisha vizuri. Tungepaka na rangi."

Stoo yenyewe ilikuwa nyuma ya jiko, haina dirisha, imejaa mapipa ya maji na baiskeli mbovu ambayo hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Kitanda kingeingia, ila mlango usingefunguka wote. Bi Mkubwa alirudi chumbani kwake, akaketi mbele ya dirisha lake, akazizungusha bangili zake kwa hasira mpaka zikalia.

Mkamwana alikuwa mbunifu. Alitengeneza kadi za harusi, lebo za sabuni na za chupa za asali, vyeti vya shule, na yote hayo aliyafanyia kwenye meza ya kulia chakula, kompyuta katikati ya chumvi na birika. Kuchapisha alikuwa akipeleka mjini, na huko waliziharibu rangi zake: nyekundu ikarudi ya matofali, bluu ikarudi zambarau, na wateja wakamnunia yeye. Kwa hiyo leza haikuwa anasa. Swali lilikuwa ipi. Ile ndogo iliikunja karatasi ndani kwa ndani, na kadi nzito ilitoka imejipinda. Ile kubwa iliipitisha kadi ikiwa imenyooka, ikachapa pande zote mbili yenyewe. Lakini ilikuwa nzito ya kubebwa na watu wanne, ilitoa joto, ilihitaji nafasi ya kupumua nyuma, na haikutaka kabisa kuwa karibu na mvuke wa jiko. Chumba kikavu, cha ubaridi, chenye soketi ya peke yake, ndani ya nyumba ile kilikuwa kimoja tu, na ndani yake alilala Bi Mkubwa.

Ila tusianze kumlilia mapema. Bi Mkubwa alikuwa na ulimi wa wembe, na miaka yote aliyokaa pale aliunoa kwa mtu mmoja. Chakula cha mkamwana alikinusa kabla hajakionja. Vyombo alivyoviosha alivirudia kuviosha, tena wageni wakiwepo. Na siku moja, sebule imejaa mashangazi, aliulizwa habari za wajukuu, akacheka akasema, "Wajukuu gani? Wenzake wanazaa watoto, huyu wangu anazaa karatasi." Mashangazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkamwana alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Akaligawa lote, akaondoka, na tangu siku ile hakuwahi kumjibu Bi Mkubwa kwa ukali hata mara moja. Mtu mwenye akili angeliogopa hilo.

Basi Bi Mkubwa akaingia vitani. Akawa bingwa wa printa. Kila mkamwana alipozungumza na muuzaji kwenye simu, yeye alipita karibu akipangusa vumbi lisilokuwepo, akiokota maneno. Mezani aliyamwaga.

"Kubwa inakula umeme. Ikiwashwa tu, taa za nyumba nzima zinainamisha kichwa."

"Si sana, Mama," mwanawe alisema.

"Na ikiharibika nani ataibeba? Wewe na mgongo wako huo? Na tona zake, hivyo vikopo vya wino wa unga, nasikia ni nne, kila moja ina bei ya kumkaba mtu shingo. Kadi zenyewe ngapi? Mnataka mtambo wa gazeti kwa kazi ya bahasha."

Mwanawe akajikuna shingo, akamtazama mkewe. "Mama ana hoja, lakini."

Mkamwana alikuwa akikata nyama kwenye sahani yake, vipande vidogo vidogo. "Ana hoja," alikubali. "Basi twende wote dukani, Mama. Uone kwa macho yako. Utakayoiona inafaa ndiyo tutakayochukua."

Bi Mkubwa alijua ameshinda. Asubuhi ya kwenda alivaa gauni lake la heshima, akajipaka poda mpaka shingoni, akapaka rangi ya mdomo. Ujanani alikuwa mzuri wa kusimamisha watu barabarani, na hilo hakuwahi kumruhusu mtu yeyote kulisahau. Njiani alirudia moyoni neno moja tu atakalolisema: ndogo inatosha.

Duka lilikuwa jembamba, lina mashine ya kutoa kopi karibu na mlango na watu wamepanga foleni. Muuzaji, kijana mchangamfu mwenye kalamu sikioni, aliziwasha printa zote mbili. Mkamwana alichomeka flashi kwenye kompyuta ya duka, akaketi yeye mwenyewe kwenye kiti cha muuzaji.

"Unajaribu na nini, dada? Maua?"

"Maua kila mashine inaweza," alisema mkamwana. "Ngozi nyeusi ndiyo inayoiumbua printa. Nimeleta sura ya mama."

Bi Mkubwa akasogea mbele, akajinyoosha gauni. Alikuwa akiijua picha ile; ilipigwa kwenye harusi ya mpwa wake, akiwa amegeuza shingo kidogo, kama alivyopenda.

Ndogo ikanguruma, ikatema kadi iliyojipinda. Mkamwana akaiinua ili watu wote waone.

Ilikuwa sura ya mtu mgonjwa. Mashavu yalikuwa ya kijivu, midomo imepauka, chini ya macho kumejaa giza, na shingo ile yote imekwenda makunyanzi. Mwanamke mmoja kwenye foleni ya kopi akachungulia, akaweka mkono kifuani.

"Poleni jamani," alisema. "Mmempumzisha lini?"

Muuzaji akakohoa. Yule mwanamke akamwona Bi Mkubwa, akaitazama kadi, akamtazama tena Bi Mkubwa, akageukia ukutani.

"Sasa ile kubwa," alisema mkamwana taratibu, akabofya.

Kubwa haikunguruma, ilivuta pumzi tu. Kadi ikatoka imenyooka, nzito, na juu yake akatoka Bi Mkubwa kama alivyojijua mwenyewe. Ngozi nyeusi ya kung'aa, macho maangavu, midomo inayotaka kusema kitu cha kuudhi. Foleni ya kopi ikavunjika. "Huyu ni wewe, mama? Wewe?" Mzee mmoja akasema kwamba hapo zamani palikuwa na watu walioumizwa mioyo na sura ile. Bi Mkubwa akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka tena. Tangu afiwe na mumewe hakuna aliyemtazama hivyo.

"Mwenye sura ndiye mwamuzi," alisema muuzaji. "Mama, tufunge ipi?"

Neno alikuwa nalo. Alilifikisha mpaka kwenye meno. Alijua vizuri kabisa kinachouzwa pale, akilini aliliona dirisha lake, aliyaona mapipa ya stoo.

Mkamwana akaitwaa ile kadi ya kijivu na kuiinua juu tena. "Mama anapenda ndogo," aliwaambia watu kwa upole. "Tuchukue hii hii. Inamtosha."

Watu wote wakaigeukia ile sura ya maiti. Yule mwanamke wa kopi akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile Bi Mkubwa hakuiweza.

"Hiyo siyo mimi!" alifoka. "Chukueni kubwa!"

"Una hakika, Mama?" mkamwana aliuliza.

"Nimesema kubwa."

Mwanawe akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mama mwenyewe kachagua," alimwambia muuzaji. Alimwambia hivyo jirani aliyesaidia kuishusha, na alimwambia hivyo shangazi aliyepiga simu, na kufikia mwisho wa juma aliamini hivyo mwenyewe.

Kitanda kiliingia stoo kwa kufunguliwa miguu. Mapipa yalibaki, yakasogezwa tu. Mkamwana ndiye aliyetandika mashuka, akakunja pembe vizuri, kisha akaleta kadi ile ya dukani ndani ya fremu na kuigongomea msumari ukutani.

Bi Mkubwa aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa nzuri mno. Kwenye shingo ile aliyoigeuza hapakuwa na hata mkunjo mmoja.

"Ile ndogo," alisema polepole, "mliitegea nini? Mliipunguzia wino?"

"Hatukuitegea kitu, Mama. Zote mbili rangi zake ni sawasawa. Tofauti yake ni kadi nzito tu."

"Basi uliharibu picha. Ulileta mbili, moja umeiharibu kunitia aibu mbele za watu."

"Nilileta mbili, kweli." Mkamwana alikuwa akiupiga mto ili ujae. "Lakini ile ya kwanza sikuigusa. Ilivyotoka kwenye kamera ndivyo nilivyoichapa. Niliyoifanyia kazi ni hii. Macho, ngozi, shingo. Shingo ndiyo iliyonisumbua zaidi."

Akauweka mto mahali pake, akaulaza kwa kiganja, akatoka. Bi Mkubwa alibaki amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliogopa, na aliona aibu kwa kuogopa. Baada ya muda alinyanyua mkono, akajigusa shingoni kwa ncha za vidole, kidogo tu, halafu akauondoa haraka na kuuweka mapajani.