Anayebisha Aitikiwe

"Imekaguliwa na: Casemiro Wolski."

Kwa miaka tisa hayo ndiyo karibu maneno yote ambayo mdogo wangu aliniambia, na aliniambia mbele ya dunia nzima. Alikuwa akiyaandika chini ya barua zangu. Kwetu sisi tunaotunza kiini cha mfumo huria wa kompyuta, hakuna badiliko linaloingia kimyakimya. Unaandika kiraka chako, yaani badiliko lenyewe, unakituma kwa barua pepe inayosomwa na yeyote anayetaka, kisha unasubiri mtu mwingine akipitie na kuweka jina lake. Sehemu yetu ilikuwa ndogo na ya kizamani: itifaki ya redio, taratibu zinazoziwezesha kompyuta mbili kuzungumza hewani bila waya wala kampuni ya simu. Watunzaji wake duniani walikuwa wawili, mimi, Dirce Wolski wa Curitiba, kusini mwa Brazili, na Casemiro Wolski wa Paranaguá. Watu wa mbali walidhani ni mume na mke, na kuna Mfini mmoja aliyewahi kutupongeza kwa ndoa yenye amani.

Nilikuwa na ujanja wangu. Kiraka kikiwa safi, Miro, ndivyo tulivyomwita nyumbani, aliweka jina tu na kwenda zake. Kwa hiyo mara mojamoja niliacha kitu cha bure ndani ya msimbo, hesabu isiyotumika mahali popote, naye akalazimika kuandika sentensi nzima: "Hiki hakina kazi, kiondolewe." Nilikuwa naisoma mara mbili tatu na kahawa mkononi, nikitafuta kama ndani yake mna kikohozi, au kicheko, au uzee. Kisha nakiondoa, natuma tena, napata jina lake na kimya chake.

Redio tulifundishwa na Baba. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na juu ya paa letu alisimamisha mlingoti uliowafanya majirani watuite nyumba ya buibui. Alituketisha chumbani mwake, mimi msichana wa miaka kumi na minne na Miro hata meno ya mbele hayajamrudi, akatuonyesha jinsi kituo kimoja kinavyobisha hodi kwa kingine. Huyu anasema nipo, nataka kuzungumza nawe. Yule anaitika karibu, au anasema sina nafasi. Miro aliuliza itakuwaje yule asiposema lolote. Baba akamjibu kwamba kusema huna nafasi nako ni jibu, ubaya ni kunyamaza. "Anayebisha aitikiwe," alisema, na sheria hiyo tuliikuta baadaye ndani ya msimbo vilevile, imeandikwa na watu ambao hawakumjua Baba.

Halafu Baba akaugua, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kukaa. Miro alikuwa ameshapata kazi bandarini Paranaguá, kule chini ya mlima, saa moja na nusu kwa gari. Alikuja Jumapili za mwanzo, kisha Jumapili zikaanza kurukwa. Mimi nilifundisha mitandao chuo cha ufundi asubuhi, mchana nikamgeuza Baba kitandani. Siku ya mazishi, watu wakiwa mezani na sahani zao, Miro alisema Baba amekonda kuliko alivyomkumbuka.

"Wewe umekuja kumzika," nikamwambia. "Mimi nilimuuguza."

Akaweka uma chini. "Na nyumba umeshaipata."

Nani alianza, nani alizidisha, shangazi zetu walilijadili mpaka wakachoka. Miro aliondoka kabla ya chai. Mimi niliingia chumbani kwa Baba, nikafunga sauti ya redio, nikaiacha mashine yake ikiwaka kwa sababu sikuwa na moyo wa kuizima. Kila toleo jipya la kiini lilipotoka niliiwekea, maana mtunzaji asiyekula chakula alichokipika mwenyewe haaminiki. Kukaa mbele yake nikasikiliza, hapana. Na majina yetu mawili yalibaki yamekaa pamoja kwenye orodha ya watunzaji, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie kujiuzulu. Wote wawili tuna kichwa kigumu cha Baba.

Baridi ya Juni ilikuwa imetushukia Curitiba, ile ya kulala na soksi, Annelies alipoandika. Annelies ni Mholanzi anayesimamia mambo yote ya mtandao ndani ya kiini, mpole, ila hana mchezo. Siku hizi kuna programu zinazourushia msimbo data za ovyo usiku na mchana ili kuona utavunjika wapi, na yetu ilikuwa ikivunjika kila wiki. Tuliziba tundu hapa, likatokea pale. Ubaya ni kwamba msimbo huo ulikuwa umelala ndani ya mashine za watu wasiowahi kuona redio ya aina hiyo, kama mlango wa nyuma katika nyumba ya mtu asiyejua kuwa ana mlango huo. Wengi wa wenye redio walishahamia kwenye programu zinazofanya kazi ileile nje ya kiini. Annelies akauliza swali ambalo kwetu ndilo hukumu: kuna mtu bado anaitumia? Kwa desturi yetu, mtumiaji mmoja wa kweli akijitokeza, msimbo unasalia. Asipojitokeza, unafutwa.

Nilishikwa na hofu, na sikuona haya kuiita kwa jina lake. Msimbo ukifutwa, hakutakuwa na kiraka. Pasipo kiraka, Miro atakagua nini? Sikuwa na namba yake ya simu. Nilikuwa na jina lake chini ya barua zangu, basi.

Siku mbili hakuna aliyejibu. Ya tatu, Miro akaandika mstari mmoja: "Yupo mtumiaji. Mimi. Kila siku."

Annelies alimshukuru, kisha akauliza kama alivyopaswa kuuliza. Itifaki hii ni ya mazungumzo, alisema, na mazungumzo hayana mtu mmoja. "Unazungumza na nani?"

Miro hakujibu, na Annelies akatoa muda hadi mwisho wa wiki.

Swali hilo nilitembea nalo mpaka kwenye uzio, nilipokuwa nikianika nguo. Dona Cleusa, jirani yangu, alikuwa upande wake akimenya machungwa na kunitazama. Huyo mama tangu zamani ana ugomvi na mlingoti wetu.

"Dirce, hicho chuma chenu utakishusha lini? Hakikamati hata umbea."

Nikamwambia redio imezimwa sauti tangu msiba, kwa hiyo haimsumbui mtu.

"Hainisumbui? Kila asubuhi nikikaa na redio yangu jikoni kusikiliza habari, inakwaruza. Kra! Mara moja, halafu tena, basi, kwisha. Tangu alipokufa baba yako, mwanangu. Nilidhani ni wewe unamwombea kwa mitambo."

"Kila asubuhi?"

"Hata Krismasi. Mimi huweka maji ya kahawa kwa huo mkwaruzo."

Asubuhi iliyofuata nilibeba kikombe changu hadi chumbani kwa Baba, nikavuta kiti, nikafungua sauti. Kwa muda mrefu palikuwa na mvumo tu. Kisha redio ikatoa mlio, kama maji yaliyodondokea mafuta ya moto, na kwenye kioo likatokea jina la kituo cha Miro, limepita kwenye kisanduku cha kupokezana mawimbi cha chama cha redio kule juu ya milima, likibisha kwenye kituo cha Baba. Mashine ikaitika palepale: karibu. Nilingoja maneno yafuate. Hayakufuata. Miro alikaa kidogo pale mlangoni, kisha akaaga, mashine nayo ikamuaga. Kutoka ng'ambo ya uzio nilimsikia Dona Cleusa akiitukana redio yake.

Nililia, na kahawa ikapoa. Nilirudi kesho yake, nikamwona tena, hodi, karibu, kwaheri, bila neno katikati.

Sasa nilikuwa na jibu la Annelies mkononi. Ningeandika tu: mtumiaji wa pili ni mimi, kituo kiko nyumbani kwangu. Lisingekuwa uongo ambao mtu yeyote angeugundua. Msimbo ungesalia, Miro angeendelea kukagua, nami ningeendelea kumwachia hesabu za bure ili anikemee. Niliiandika barua hiyo hadi mwisho, nikaisoma, na kidole kikagoma kuituma. Mtumiaji wa pili hakuwa mimi. Miaka yote hiyo mdogo wangu alibisha hodi nyumbani kwetu, na aliyemwitikia ni msimbo, ule ule niliokuwa nikiupiga viraka kwa bidii, huku mimi nikiwa jikoni nakaanga mayai. Ningeweza kuiacha mashine na toleo la zamani pia, ikaendelea kuitika kama kasuku mpaka wote wawili tufe. Na watu wangapi ambao hatuwajui wangebaki na mlango wazi, ili sisi wawili tusitazamane?

Niliifuta barua. Nikakaa siku nzima nikitoa msimbo wetu, faili baada ya faili, ukiwemo ule mstari wa kuitika. Ni kazi rahisi kuliko kuandika, na inauma zaidi. Juu ya kiraka lazima ueleze sababu, nami nikaeleza kuhusu matundu, kuhusu programu za nje ya kiini, na mwisho nikaongeza: "Anayebisha ni mtunzaji mmoja, na anayebishiwa ni mwenzake. Watatafuta njia nyingine ya kuzungumza." Nikaweka jina langu, nikatuma.

Asubuhi iliyofuata Miro hakubisha.

Wala ile ya pili. Dona Cleusa aliniuliza kwenye uzio kama tumekosa umeme, kwa sababu kahawa yake sasa inachelewa. Nilianza kujilaumu kwamba nimekata uzi wa mwisho kwa mikono yangu na kuuita busara. Ya tatu, sikungoja. Vidole vilikumbuka amri aliyotufundisha Baba kabla kichwa hakijakumbuka. Nilibisha kwa Miro, maana mashine ya Baba bado ilikuwa na toleo la zamani. Mashine yake ikaitika mara moja, karibu, na nilijua ni mashine, kwa hiyo sikufurahi bado. Nikaandika: "Huyu ni Dirce mwenyewe, siyo mashine ya Baba. Jumapili nachemsha pinhão. Njoo." Mashine yake ikathibitisha kwamba imepokea. Nilikaa pale hadi muda wa kwenda chuoni, na hakuna lingine lililokuja.

Jioni, barua ikaingia chini ya kiraka changu cha kufuta. "Imekaguliwa na: Casemiro Wolski." Nilitafuta neno jingine juu yake na chini yake. Annelies akakipokea siku iliyofuata, akatushukuru sote wawili kwa miaka ya utumishi, na majina yetu yakatolewa kwenye orodha siku moja.

Jumapili nilichemsha hata hivyo. Pinhão ni mbegu za msonobari, hazichemshwi kwa mtu mmoja, sufuria yenyewe inakucheka. Nilikuwa nimesimama nikitazama mvuke ukipaka dirisha ukungu, na nikijiambia kwamba zitakazobaki nitampelekea Dona Cleusa, niliposikia makofi langoni. Pa, pa, pa. Ndivyo watu wa huku walivyokuwa wakibisha zamani, kabla ya kengele. Kisha makofi tena.

Nilitoka na kijiko mkononi. Miro alikuwa nyuma ya lango amevaa koti la bandarini, nywele zimemwisha mbele kama za Baba, mikono bado iko juu, tayari kupiga mara ya tatu. Hatukujua tuanzie wapi. Mimi nikaanzia kwenye ugomvi, ndiko ninakokujua.

"Kengele ipo, Miro. Nimeiweka mwaka juzi."

"Nimeiona, dada." Alishusha mikono. "Ile nayo ni mashine, inalia yenyewe. Nilitaka nijue nani ataitika."

Kule nyuma maji ya pinhão yalikuwa yakimwagikia jiko, nikayasikia yakichirizika motoni.

"Karibu," nikamwambia, nikaanza kuutafuta ufunguo mfukoni, na haukuwemo.